Kukauka kama Karafuu

Mzani wa kwanza niliopanda maishani mwangu ulikuwa wa karafuu. Nilikuwa darasa la tano, nimetoroka skuli kama nusu ya darasa letu lilivyotoroka, maana ulikuwa msimu. Baba alileta magunia mawili kwenye kituo cha kununulia, huko kwetu Pemba, upande wa Wete. Karani akatia mkono gunia la kwanza mpaka kiwikoni, akatoa konzi kutoka chini kabisa, kwa sababu anajua juu kila mtu huweka zilizokauka. Akachagua punje moja, akaibana baina ya kucha mbili. Haikukatika. Ilipinda.

"Mbichi hii, mzee. Rudi ukaanike."

Baba akaanza kubishana naye, na mie nikaona nafasi. Nikapanda juu ya bamba la mzani. Sindano ikayumba, ikasimama kwenye 31. Karani akageuka: "Shuka hapo! Weye si karafuu."

Naanza na hili kwa sababu watu wakijua kwamba niliwahi kuwa bondia wa kulipwa, swali lao la kwanza huwa ni nani alinipiga vibaya zaidi. Makonde nayakumbuka machache. Mizani naikumbuka yote: ule wa bafuni uliokuwa na ufa kwenye kioo, ule wa duka la nafaka Manzese, Dar es Salaam, ambao mwenyewe alitutoza shilingi mia mia, ule wa kidijitali uliotusomea kilo tofauti kila tulipousogeza sakafuni.

Nilipigana kuanzia 2011 mpaka 2019, uzani mwepesi. Mapambano 17: nimeshinda 10, nimepigwa 6, sare moja. Mkanda sikuwahi kuuvaa, hata ule wa kuazima kwa picha. Uzani mwepesi mwisho wake ni paundi 135, yaani kilo 61.2. Uzani ulio chini yake unaishia paundi 130, kama kilo 59, na ulio juu unaishia 140, kilo 63.5. Baina ya mmoja na mwingine ni kilo mbili na kitu. Kwa mtu wa kwetu hiyo ni shughuli moja tu: pilau mara mbili, maji, jagi la sharubati, ushafika uzani mwingine.

Mpemba kuwa bondia halikuwa jambo la kawaida, na sababu haikuwa woga. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Rais Abeid Amani Karume alizipiga marufuku ngumi Zanzibar. Kwa nini hasa, inategemea umekaa baraza gani. Kila mzee ana sababu yake na kila mmoja anaapa kwamba alikuwepo. Mie nimezaliwa 1990, nikakuta jambo lishazoeleka, kama vile mtu anavyokuta nyumba yao haina mlango wa nyuma. Ukivuka maji kwenda Dar es Salaam, saa mbili kwa boti kutoka Unguja, ngumi ni halali, zina mapromota, zina magazeti, zina mashabiki wanaochana mashati. Michezo si jambo la Muungano, Zanzibar inajiamulia yake. Nchi moja, bahari moja, ila konde lililokuwa ajira Manzese lilikuwa kosa Michenzani.

Na usidhani kwamba visiwani hatupigani. Kila mwaka Julai, Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, wanaume wazima hutandikana kwa mabua ya migomba mchana kweupe, wanaapizana, halafu wanakwenda kula pamoja. Kwetu Pemba kuna mchezo wa ng'ombe, ambao wazee wanasema ni masalia ya Wareno, na kijana anayeingia uwanjani na kitambaa mbele ya dume lenye hasira hakuna anayemwambia anahatarisha maisha. Karate na judo zilikuwepo. Kilichokatazwa ni glovu.

Kuna na kirumbizi. Kwa asiyejua, ni ngoma ya fimbo. Watu hufanya duara, zumari inalia, wanaume wawili wanaingia katikati na bakora, mmoja anapiga na mwenziwe anakinga, na ngoma haisimami. Babu yangu mzaa mama alikuwa hodari wake. Sikumwona katika ujana wake, nilimwona mzee, goti moja bovu, lakini akishika bakora goti lilikuwa kama limesahau. Alinifundisha uani, jioni, mambo mawili tu. La kwanza, usipishanishe miguu. Mguu wa mbele unatangulia, wa nyuma unafuata, kama mtu na mkewe njiani. La pili, usiiangalie fimbo. "Fimbo itakudanganya. Angalia kifua, kifua hakijui uongo." Miaka kumi baadaye kocha wangu Manzese, Mzaramo asiyewahi kuiona Pemba hata kwenye ramani, alinishika kidevu akanambia maneno yale yale, ila yeye alisema mabega badala ya kifua. Nilicheka, akanizungusha raundi mbili za ziada kwa kumcheka.

Nilivuka 2010 kwenda kwa ami yangu, ana duka Kariakoo. Wapemba wenye maduka Kariakoo hawahitaji maelezo. Mama akijua nauza vitenge, na ilikuwa kweli: nilivifungua asubuhi na kuvikunja jioni. Ila baina ya alasiri na magharibi nilikuwa naaga kwamba nakwenda msikitini, na msikitini nilikwenda, kisha nikapanda daladala.

Jimu ilikuwa ua wa nyumba ya mtu. Bati upande mmoja, upande mwingine mwembe. Mifuko ya ngumi ilikuwa magunia yaliyojazwa vitambaa vya fundi cherehani na mchanga kidogo chini, na ule mchanga ulikuwa ukishuka, ukipiga chini unaumia kifundo. Tairi la lori la kurukia. Glovu jozi nne kwa watu ishirini, zimelowa jasho la watu wote hao, zinanuka kama dagaa wa juzi. Siku ya kwanza niliwekwa na kijana mwembamba nikadhani nimeonewa huruma. Alinipiga puani mara tatu kabla sijajua ametumia mkono gani. Lakini miguu yangu haikupishana, na kocha aliliona hilo.

Jina la ulingoni sikulichagua, nilipewa: Mpemba. Na hapa nikiri jambo. Bara watu wanaamini kila Mpemba ni mchawi, na mie sikuwahi kukanusha. Mpinzani mmoja alikataa kunipa mkono siku ya kupima uzito, akaniangalia viganja. Mwingine kona yake ilimwaga chumvi kwenye ngazi ya ulingo. Kabla ya pambano moja nilisoma Ayatul Kursiy taratibu, midomo ikicheza, aya ambayo kila Muislamu anaisoma, na yule bwana raundi ya kwanza nzima hakunisogelea. Raundi hiyo nilishinda kwa pointi bila kutoka jasho. Katika rekodi yangu ya ushindi 10, naweka moja kwa heshima ya ujinga wa watu.

Fedha nitazisema haraka. Pambano la kwanza, raundi nne, niliahidiwa laki moja. Promota, nisiyemtaja, akakata ya leseni, ya bandeji, ya "gharama za ukumbi" ambazo mpaka leo sijui zilinihusu nini, nikaondoka na elfu sitini. Ngumi za kulipwa bara zina neno zuri kwa malipo: kifuta jasho. Wanamaanisha hivyo hivyo, ya kufutia jasho. Mwaka 2014 nilipigana raundi sita kwa laki mbili, na wakati huo karafuu daraja la kwanza ilikuwa ikinunuliwa shilingi 14,000 kwa kilo. Nilipiga hesabu kwenye basi usiku ule, barafu shavuni. Miezi miwili ya mazoezi na raundi sita za makonde zilikuwa sawa na kilo 14 na ushei. Gunia moja tu la baba lilinishinda kwa mbali.

Sasa nije kwenye mzani wenyewe.

Uzito wangu wa kutembea ulikuwa kilo 68, hata 69 nikikaa nyumbani. Kwa nini nisipigane uzani wa juu? Kwa sababu kila bondia anafikiri akishuka atakuwa mkubwa mbele ya mwenzake, na mwenzake naye anafikiri hivyo hivyo, kwa hiyo mnakutana wawili mlioshuka, mmekauka wote, hakuna mkubwa. Ni upumbavu ambao ukiwa ndani yake unauona kama akili.

Sisi tuliita kukauka. Wiki tatu unaacha wanga. Wali huuoni, chapati huioni, unakula mchicha na samaki wa kuchemsha mpaka unachukia bahari. Wiki ya mwisho unapunguza chumvi. Siku mbili za mwisho unapunguza maji, unavaa jaketi la nailoni juu ya mifuko ya plastiki tuliyoitoboa pa kutolea kichwa na mikono, unakimbia jua la saa saba. Asubuhi ya kupima, kama bado gramu mia tatu zinakudai, unatafuna bigijii na kutema mate kwenye kopo la maziwa ya unga. Nimeshawahi kujaza kopo mpaka nusu. Ulimi ukawa kama kipande cha ngozi ya viatu, mate hayaji tena, kocha ananionesha picha ya embe bichi na pilipili kwenye simu yake ili yaje.

Kilo tatu za karafuu mbichi zikianikwa vizuri hutoa kama kilo moja kavu. Nikiwa nimelala sakafuni usiku wa kuamkia mzani, midomo imepasuka, nilikuwa nakumbuka majamvi ya uani kwetu, karafuu zimetandazwa, zinabadilika kutoka kijani na wekundu kuwa kahawia, na baba anapita pembeni miguu mitupu akizigeuza. Tofauti ni kwamba karafuu ikikauka bei yake inapanda.

Mwaka mmoja nilisaini pambano la Idd Mosi. Bara ngumi za Idd ni kitu kikubwa, watu wametoka kufunga, wana nguo mpya na wanataka pa kwenda. Maana yake ni kwamba nilifanya mazoezi Ramadhani yote, usiku baada ya tarawehe, na kupungua hakukunisumbua sana, kwani mchana hakuna kitu kinywani. Kupima uzito kulipangwa mwezi 29 Ramadhani, saa tisa alasiri. Nikapanda: 61.1. Nikashuka kama mfalme. Nikangoja magharibi.

Magharibi ikaingia, tumekaa gheto na redio. Mwezi haukuonekana.

Watu wengine wa nchi hii walisikitika kwamba nguo mpya zitangoja siku moja. Mie nilimwangalia kocha na kocha akaiangalia sahani. Pambano likasogezwa, na wasimamizi wakasema kupima ni kesho tena, kwani sheria ni saa 24 kabla. Mbele yangu kulikuwa na muhogo wa nazi, tambi za sukari, samaki wa kukaanga na uji wa pilipili manga uliokuwa unatoa moshi. Nilifungua kwa tende mbili na maji ya kuoshea kinywa, nikameza funda moja, moja kweli. Wenzangu wakala wakinigeuzia migongo. Nilidhani wanafanya kwa aibu, kumbe mmoja alikuwa anacheka.

Kesho yake kocha alinambia nisifunge, nitailipa siku nyingine baada ya Idd. Nilikataa. Ujana una kiburi, na kiburi cha ibada ndicho kibaya zaidi. Saa tisa nikavua mpaka nguo ya ndani, wakanishikia taulo, namba zikacheza, zikasimama 61.2. Mpinzani wangu, kijana Mkristo kutoka Mbeya, alikuwa ameshapima, amekaa kwenye benchi na chupa ya lita moja na nusu, maji yenye glukosi. Nikamtazama koo lake linavyopanda na kushuka. Akaniona. Akafuta mdomo wa chupa kwa kiganja, akaninyooshea. Kisha akashtuka, akairudisha: "Samahani kaka, nimesahau umefunga."

Nilimpenda kwa hilo na nilitaka kumpiga kwa hilo. Yeye alianza kurudisha maji saa tisa, mie saa kumi na mbili na nusu. Siku ya pili usiku, raundi tatu za kwanza zilikuwa zangu. Ya nne nikaona taa za ukumbi zina duara la manjano. Ya tano konde lake la kushoto likanikaa chini ya mbavu za kulia, kwenye ini. Konde la ini halifanani na la kichwa. Kichwani unazimika, huna habari. La ini unakaa macho, unasikia kila kitu, unamsikia refa anafika nne, unajua unatakiwa usimame, na mwili unakujibu kama karani wa serikali saa tisa na nusu: rudi kesho. Nilisimama nane. Nikamaliza kwa miguu yangu, nikashindwa kwa pointi. Magazeti yaliandika mistari miwili, kwamba kijana wa Mbeya alikuwa na pumzi zaidi. Hawakukosea.

Nilikuja kusoma baadaye kuhusu Kim Duk-koo, Mkorea Kusini aliyekuwa uzani wangu huu huu. Tarehe 13 Novemba 1982, Las Vegas, alipanda ulingoni na Ray Mancini, bingwa wa WBA, moja ya vyama vya ngumi vya dunia, baada ya kupata tabu kubwa kuufikia uzito. Walipigana raundi 14 kwenye jua la mchana. Kim alianguka, akasimama, pambano likasimamishwa, akapoteza fahamu, na siku chache baadaye akafariki. Mama yake naye alijitoa uhai miezi michache iliyofuata. Baada ya hapo WBC, chama kingine cha ngumi cha dunia, ikapunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12, na wengine wakafuata. Kila bondia anayelalamika kwamba raundi 12 ni chache, hajui zimenunuliwa kwa bei gani.

Na kuna Diego Corrales na José Luis Castillo, nao wa uzani mwepesi, 7 Mei 2005. Wengi wanaopenda ngumi wanaikumbuka raundi ya 10: Corrales kaangushwa mara mbili, akasimama mara mbili, kisha akamgeuzia kibao mwenzake na refa akasimamisha. Mie nakumbuka kilichofuata. Wakarudiana Oktoba, Castillo akashindwa kufikia uzito. Wakapanga mara ya tatu, Juni 2006, Castillo akapanda mzani amezidi paundi nne na nusu, pambano likafutwa. Watu walimtukana kwamba hana nidhamu. Mie nikiitazama picha yake juu ya ule mzani, macho yamezama, namwona mtu aliyeanikwa mpaka basi na bado akaambiwa mbichi.

Kwetu nyumbani siri ilidumu miaka saba. Nikirudi Pemba na jicho limevimba, nilianguka kwenye boti. Nikirudi na mdomo umeshonwa, nimegongwa na mlango wa duka. Ami alijua, alinyamaza, na nadhani aliwahi kulipa kiingilio mara moja akakaa nyuma kabisa. Kilichoniumbua ni televisheni. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham kama mtu wa kuziba pengo, akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili, na nchi nzima ikaanza kutaka ngumi. Mapambano yetu madogo nayo yakapata kamera. Mtoto wa jirani, Wete, akakimbia mpaka uani kwa mama: "Bibi, njoo umuone mwanao kwenye TV anapigwa!"

Kwa kweli usiku ule nilishinda. Lakini mama aliwahi raundi ambayo nilikuwa napigwa.

Alinipigia simu alfajiri. Sikumsikia akipaza sauti. Alisema uso wa binaadamu haupigwi, Mtume kakataza, na weye umesoma chuoni unalijua. Nalijua. Nimewahi kuzungumza na mashekhe wawili juu yake, na sina jibu ninaloweza kulisema mbele ya mama, kwa hiyo sikulisema. Tukanyamaza wote wawili, unaisikia simu inavyokula salio. Kisha akauliza, "Na mbona umekonda hivyo? Huko huli?"

Mwaka uliofuata nilipanda mzani nikiwa na 62.4. Kilo moja na gramu mia mbili zaidi, na mwili umegoma, nilikuwa nimeshakimbia, nimeshatema, hakuna kilichotoka. Nikakatwa sehemu ya kifuta jasho, nikapigana, nikapigwa, nikauza glovu zangu kwa kijana wa jimu na nikarudi visiwani. Nilikuwa na miaka 29.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Mwaka 2022 serikali ya Rais Hussein Mwinyi ikaruhusu ngumi Zanzibar, na Agosti 2023 zikarudi ulingoni Unguja baada ya karibu miaka 60. Na nani kapewa kuwasha taa? Karim Mandonga, "Mtu Kazi", bondia ambaye mdomo wake umepiga watu wengi kuliko mikono. Niliudhika. Nilifikiri, sisi tumevuka maji miaka yote, tumedanganya mama zetu, na sherehe inapewa mchekeshaji. Hasira ikanipungua niliposikia watu Darajani wanavyozungumza. Mabibi waliokuwa hawataki kusikia neno ngumi walikuwa wanamwiga Mandonga huku wakikatia watu urojo. Mtu mwenye sura ya kutisha asingeweza. Januari 2024 akaja Mwakinyo mwenyewe, Amaan, akamsimamisha Mbiya Kanku wa Kongo, na hapo hakuna aliyecheka, watu walipiga kelele tu.

Nami siku hizi asubuhi nafundisha vijana saba au wanane, Unguja mjini, kabla ya kufungua duka langu la vipuri vya vespa na pikipiki. Nina jozi sita za glovu, hazinuki sana. Plastiki na jaketi la nailoni nimekataza. Nimeichukua kanuni ya WBC inayotumika kwa mapambano ya ubingwa, nikaiandika kwa chaki ukutani: siku 30 kabla ya pambano usiupite uzani unaopigania kwa zaidi ya asilimia 10, siku 7 kabla usiupite kwa zaidi ya asilimia 5. Kwa uzani mwepesi ni kilo 67.3, kisha 64.3. Kwa hesabu hiyo mapambano yangu mengi yasingeruhusiwa kufanyika, na nadhani ningekuwa na afya zaidi na ushindi zaidi.

Mikanda imeanza kuzungumzwa sana hapa, nani atavaa, wa nini, wa wapi. Mie ningependa kwanza nione mzani mmoja unaoaminika na daktari anayekaa mpaka pambano la mwisho. Mwaka huu kijana wangu mmoja, ana kilo 66, amepata nafasi ya kupigana kwa kilo 57 kwa sababu huko ndiko kulikuwa na mtu aliyekosa mpinzani. Kilo tisa, siku 20. Nilimwambia hapana. Akaniambia, kwa adabu kabisa, "Kaka, weye ulikuwa unashuka saba." Nikasema ndiyo, na ndiyo maana. Wiki ile ile akahamia kwa kocha mwingine. Alipunguza, akapigana, akashinda, yuko salama. Tunasalimiana. Sijui nimfanyeje mtu aliyefanya kosa likamletea ushindi. Mie yangu angalau yaliniletea vipigo nikapata la kueleza.

Msimu uliopita nilikwenda Pemba kumsaidia kaka yangu. Baba hayupo tena, mikarafuu ni ile ile, mingine imezeeka. Tulipeleka magunia manne. Karani ni kijana, ana mzani wa kidijitali, lakini bado anatia mkono mpaka kiwikoni na bado anabana punje kwa kucha. Zote zikakatika. Akaandika, kaka akasaini. Wakati wanahesabu, nikapanda juu ya mzani. Sikufikiri, miguu ilikwenda yenyewe, mwenyewe nikavua kandambili kabla, kama nilivyozoea.

Namba zikasimama kwenye 81.

Yule kijana akanyanyua macho kutoka kwenye kitabu chake, akaniangalia tumbo, akaangalia namba.

"Mbichi hii, bro," akasema. "Rudi ukaanikwe."